Nyasi za Chini ya Kamba ya Nguo

Nimestaafu. Chekeni kwanza, nitawasubiri.

Nina miaka thelathini na tatu, na mtu wa umri wangu akisema amestaafu, watu wa hapa Sumbawanga humuuliza kama anaumwa. Na kweli naumwa mgongo. Kwa miaka kumi na moja nilibeba ndoo ya kumwagilia kwa mkono wa kulia tu, imejaa hadi mdomoni, kwa sababu niliona aibu kuonekana na ndoo iliyopungua. Daktari alinitazama nikitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akauliza, "Dada, upande huo unabebaga nini?" Nikamwambia maji. Akasema maji hayo sasa wabebe wengine.

Wengine ndio ninyi, mnaoanza kushika mpira wa maji na slesha ya kufyekea nyasi kwenye nyumba za watu. Nimewaandikia haya ili msirudie yangu. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara tano. Ule wa nne ulikuwa mzuri, ila mstari mmoja ulipinda nikauchana. Mkisoma mbele mtaelewa kwamba huo ndio ugonjwa wangu wa kweli, na mgongo ni tawi lake tu.

Basi tuanze na ndoo. Bebeni mbili, kila mkono yake, kila moja nusu. Mtakwenda kisimani mara nyingi zaidi, na majirani watasema hamna nguvu. Waacheni waseme. Mimi sikuwahi kusemwa, na sasa nikiinama kuokota kijiko nashika ukuta.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunyamazia, nikakaa nyumbani nikaanza kupanda maua kwenye makopo ya rangi. Jirani akataka nimpandie na yeye, kisha dada yake jirani, na ghafla nikawa mtu wa bustani. Nilichojua nilikitoa kwenye simu. Kulikuwa na bwana mmoja kwenye video, mpole, anayeeleza kila kitu taratibu, nami nilimwamini kuliko mtu yeyote. Bwana huyo alikuwa akimwagilia nyasi zake mwezi wa Julai akiwa na kaptula. Hapo tu ningepaswa kushtuka. Hapa Ufipa, Julai, mtu anavaa sweta mbili kwenda kununua kiberiti. Lakini sikushtuka. Nilikuwa naandika alichosema kwenye daftari, kwa kalamu ya rangi mbili.

Nitawapa mfano wa jinsi nilivyokuwa, kabla sijafika kwenye lile kosa kubwa. Kuna mfugaji, Baba Kulwa, aliyehamia huku na familia yake na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Ndiye aliyekuwa ananiletea samadi kwa mkokoteni. Mara ya kwanza aliniuliza, "Dada, unataka ya zamani au ya leo?"

"Ya leo," nikasema. "Ya zamani ya nini? Mimi nataka iliyo bora."

Akanitazama, akamtazama ng'ombe wake, kama vile wangeshauriana. "Kwenu ugali mnakulaga kabla haujaiva?"

Nilidhani ni utani wa Kisukuma, nikacheka kwa heshima. Nikaitia samadi ile, bado ina joto la tumbo, kwenye waridi kumi na mbili za mama mmoja, kila shina vikombe viwili sawasawa. Baada ya wiki waridi zote zilikuwa zimeungua, na zimeungua kwa usawa, hilo nilijisifu. Baba Kulwa alipopita tena alisimamisha mkokoteni, akavua kofia mbele ya waridi zile kama mtu aliyefika msibani. "Poleni," akaziambia. "Mlilishwa ugali mbichi."

Samadi ilundikeni, ifunikeni na turubai kuukuu, ikae miezi. Mkizamisha mkono katikati yake msikute joto wala harufu, imeiva. Msimuulize bwana wa kwenye simu. Ulizeni mkono.

Sasa lile kubwa.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi. Mama Yustina, mwalimu mstaafu anayekaa juu kidogo ya mji, aliniita mwezi wa Mei. Mwanawe, Benedikto, alikuwa frateri, na Julai angepewa upadre. Miaka ya nyuma, akiwa bado anasoma seminari ya Kaengesa, Bene alirudi likizo na kiroba cha mizizi ya ukoka, akaipanda mbele ya nyumba kwa mikono yake. Nyasi zile zilikuwa zimekaa zikijiishia tu.

"Nisikilize, mwanangu," Mama Yustina akaniambia. "Siku ile akitoka kanisani, akifika hapa nyumbani, atanipa baraka yake ya kwanza. Nataka kupiga magoti kwenye nyasi. Si kwenye mkeka wala kapeti. Kwenye nyasi alizozipanda mwenyewe. Nataka ziwe za kijani. Utaweza?"

"Nitaweza, Mama."

"Usiniambie nitaweza kwa sababu mimi ni mzee. Utaweza?"

"Nitaweza."

Nilichora jedwali. Nilimwagilia mara mbili kila siku, saa sita mchana na jioni, kidogo kidogo, kama bwana wa kaptula alivyoelekeza. Nilikuwa napima urefu wa nyasi kwa rula ya shule. Nikiona jani moja limepita wenzake nalikata kwa mkasi wa nguo. Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, basi siku yasipokuja nilibeba kisimani, mkono wa kulia, ndoo imejaa. Sikukosa hata siku moja. Nilipougua mafua nilikwenda nikiwa nimejifunga blanketi. Mama Yustina alikuwa ananiletea chai kwenye kikombe cha bati na kusema, "Huyu mtoto ana bidii, jamani."

Kufika mwisho wa Juni nyasi zilikuwa zinakufa.

Wenye macho mngejua. Maji kidogo kila siku huishia juu, na mizizi haina haja ya kwenda chini kuyatafuta. Maji ya jioni, kwenye baridi yetu, hulala na nyasi usiku kucha, na asubuhi zinaamka zimeganda ncha. Nyasi ziligeuka njano, kisha kahawia, zikawa na utelezi. Ukizivuta kwa vidole viwili zilinyanyuka kama kapeti. Mimi nikaona dawa ni kuongeza maji.

Na nikadanganya. Hili nalikiri waziwazi kwa sababu ni baya kuliko lile la kuzimwagilia vibaya. Mama Yustina aliniuliza mbona zimefifia, nikamwambia, "Zinapumzika, Mama. Zikiamka utashangaa." Nilimwambia hivyo wiki tatu, nikinywa chai yake.

Zilipobaki siku kumi na tisa nikapata wazo. Ningekwenda Kaengesa nichimbe ukoka mwingine, nirudi nao kwenye viroba, nipandikize mahali palipoharibika zaidi, na Mama asijue. Nilipakadiria panalingana na ukubwa wa mlango mmoja. Bahati shangazi yangu, Shangazi Skola, mkulima wa kijiji cha Kate, alikuwa amekuja kunitembelea na unga wake wa ulezi. Mama Yustina alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya. Nikamleta shangazi pale asubuhi.

"Shangazi, nisaidie kutoa hizi zilizokufa. Nikirudi nipande mpya."

Akazunguka akitazama. "Zote zilizokufa?"

"Zote."

"Jembe liko wapi?"

Nikamwonyesha, nikapanda pikipiki.

Nilirudi alasiri na viroba vitatu. Nikafungua geti. Mbele ya nyumba hapakuwa na nyasi. Palikuwa na ntumba kumi na nne.

Kama hamkukulia vijijini kwetu nitawaeleza. Ntumba ni tuta la mviringo. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza kifudifudi, unazirundika, majani yakiwa ndani na mizizi nje, kisha unafunika kwa udongo. Zinaoza humo ndani zenyewe na kuwa mbolea. Maharage yanapandwa juu, na mwaka unaofuata tuta linasambazwa, unapandwa ulezi. Wafipa wamelima hivyo tangu bibi wa bibi zetu. Kazi yenyewe ni ya mwisho wa masika, udongo ukiwa laini. Hakuna mtu anayejenga ntumba Julai. Shangazi yangu alizijenga Julai, mbele ya nyumba ya mwalimu, mjini, kwenye nyasi za upadrisho, na zilikuwa nzuri ajabu, za ukubwa mmoja, kwa mistari. Hata mimi sikuona iliyopinda.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimetoa zilizokufa."

"Hizi zilikuwa nyasi za sherehe!"

"Zilikuwa." Akachukua bonge moja akalipasua mkononi. "Angalia mizizi. Mifupi kama ndevu za kijana wa kipaimara. Wewe uliona ugonjwa kwenye kipande, mimi nimevuta huku na huku, zote zinanyanyuka. Na udongo umelowa kama wa Machi, mwanangu! Nilipoushika tu mikono ikaanza yenyewe. Udongo kama huu kwetu hauachwi."

Yaani nilikuwa nimemwagilia hadi nikamdanganya hata mkulima wa miaka hamsini kuhusu mwezi uliopo. Nikakaa.

"Usikalie ntumba," shangazi akasema. "Unaibana."

Ndipo geti likafunguka. Mama Yustina aliingia na kitenge cha jumuiya na kitabu cha sala kwapani. Akasimama. Akazihesabu, nilimwona midomo ikihesabu.

"Nani kafanya hivi?"

Shangazi alifungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama wima, mikono nyuma, kama darasa la tatu. "Mimi, Mama. Nilizimwagilia hadi zikafa. Nikakuambia zinapumzika. Hazikuwa zinapumzika. Shangazi amezika tu."

"Zimekufa tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Unanitazama machoni, unapokea kikombe changu, unasema ahsante Mama."

"Ndiyo, Mama."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Nilisikia komeo.

Acheni niweke jambo la kazi hapa. Nyasi zikiharibika, semeni siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba ataudhika kidogo. Anaweza hata kuwasaidia, kwa sababu ameishi na ua ule kuliko ninyi, anajua pa mawe na pa maji. Mkificha, mnabaki peke yenu na bwana wa kaptula.

Haya. Shangazi Skola hakuwa mtu wa kukaa nje ya mlango uliofungwa. Alinawa miguu kwenye bomba, akaenda dirishani. "Mwalimu, hodi. Ni mimi mwenye jembe. Tumekosea, sawa. Lakini yule binti wako amesema nitoe zilizokufa, nami zilizo hai sikuzigusa. Njoo uone huku nyuma."

Akagonga kioo cha dirisha.

"Mwalimu, mimi nimetoka Kate. Sitaondoka hapa hujanijibu, na ulezi nimekuja nao, nina cha kula."

Mlango ukafunguliwa. Nadhani Mama Yustina alikuwa anazuia kicheko, au kilio, sijui. Tukazunguka nyumba sote watatu.

Nyuma, chini ya kamba ya kuanikia nguo, palikuwa na nyasi. Kijani, zimeshikana, upana wa mikeka miwili. Nilizijua. Nilikuwa napita juu yake kila siku kwenda bombani. Hazikuwa kwenye jedwali langu kwa sababu huku wageni wasingefika. Sikuwahi kuzipa hata tone.

"Nani anazimwagilia?" nikauliza.

"Nani azimwagilie?" Mama Yustina akasema. "Hapa nafulia Jumamosi asubuhi. Maji ya kusuuzia nayamwaga hapo."

"Mengi?"

"Mabeseni matatu. Na mashuka yanadondosha."

Nikainama, nikavuta kwa vidole viwili. Hazikutoka. Nikavuta kwa mkono mzima. Nikavuta kwa mikono miwili nimepiga goti, zikabaki pale pale. Maji mengi mara moja kwa wiki, asubuhi, yanazama chini na mizizi inayafuata. Siku sita zilizobaki hakuna mtu wa kuzisumbua, na shuka bichi likining'inia juu linazikinga na jua la mchana. Miezi miwili ya kalamu za rangi mbili, na nilikuwa nimeshindwa na beseni.

"Lakini hizi si za Bene," nikasema. Maana ndilo alilotaka.

Shangazi Skola alikuwa ameshachuchumaa kwenye kona ya nyumba, anafuata kamba moja ya ukoka kwa kidole, kutoka kwenye nyasi zile, ikapita kando ya msingi wa nyumba, ikakunja kona, ikaenda hadi pale mbele alipoikata na jembe. "Ni zile zile," akasema. "Zimetambaa zenyewe. Zilikuwa zinamkimbia huyu."

Mama Yustina alicheka hadi akashika nguzo ya kamba. Kisha akavua kandambili, akashuka goti moja polepole, akalijaribu, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Patanitosha," akasema. Akanigeukia. "Ila wewe usipaguse."

Siku zile kumi na tisa ndizo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikuja kila asubuhi nikasimama na mikono mfukoni mwa sweta. Mama Yustina aliniwekea kigoda, mbali kidogo. Nikisogea alikohoa. Jumamosi ilipofika nilifua mashuka pamoja naye, nikamwaga mabeseni matatu, nikarudi kwenye kigoda changu.

Kuanzia hapo, nyumba yoyote niliyoingia nilianza kwa kutafuta mahali ambapo hapatunzwi na mtu lakini pamestawi. Chini ya tangi linalovuja, nyuma ya jiko, pembeni mwa choo. Hapo ndipo ua unapokueleza unachotaka. Ni baada ya hapo ndipo nilipoangalia mbele. Na kabla ya kufungua mpira, tembeeni juu ya nyasi, mgeuke nyuma. Nyayo zenu zikiinuka haraka, nyasi hazina kiu, nendeni mkanywe chai. Nyayo zikibaki zimelala, mwagilieni, na mwagilieni kweli, hadi kidole chote kizame. Asubuhi, jua likishachomoza. Msikate fupi, ziacheni urefu wa vidole viwili, hasa kuelekea Agosti, upepo wetu wa juu huku usije ukazinyoa zilizobaki.

Ntumba za mbele Shangazi alikataa zisawazishwe. "Ntumba haifumuliwi kabla haijaoza," akasema, kana kwamba ni sheria ya serikali, akapanda maharage. Novemba mvua zilipoanza tulizisambaza, tukapandikiza ukoka kutoka nyuma, na mkipita leo pale kwa Mama Yustina mtaziona. Sijawahi kutengeneza nyasi nzuri kama zile, na sikuzitengeneza mimi.

Lakini siku ya upadrisho wageni walipokelewa na matuta. Maharage yalikuwa yametoa majani mawili mawili. Viti vilipangwa katikati ya ntumba, kwaya ikajipenyeza kati ya mistari, na mjomba mmoja aliyetoka Kirando na kikapu cha dagaa akasimama getini akauliza, "Mwalimu, tumeitwa sherehe au palizi?"

"Vyote," Mama Yustina akamjibu. "Kaa, usikanyage."

Padre Bene alipofika alitazama mbele, akatazama tena. Mama yake akamshika mkono, wakazunguka nyumba, na sisi tuliowahi tukawafuata. Kamba ya nguo ilikuwa imefunguliwa. Kibanio kimoja tu kilisahaulika juu ya nguzo. Mama Yustina akavua viatu vyake vipya. Akapiga magoti, yote mawili, kwenye nyasi za mwanawe. Hazikulalia upande wala kunyanyuka. Padre Bene akaweka mikono juu ya kichwa cha mama yake, akambariki. Alipomaliza, mama hakuinuka. Akageuza kichwa, akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Na wewe, wa bustani. Njoo."

Nikapiga magoti pembeni yake. Baridi ya nyasi ilipenya kitenge. Padre akaanza sala. Nilifumba macho, wallahi nilifumba, lakini nilipoyafumbua kidogo nikaliona, karibu kabisa na goti la Mama Yustina: jani moja la njano. Moja. Mkono wangu ukatoka wenyewe.

Kofi likatua juu yake, jepesi, katikati ya baraka.

"Nimesema usipaguse," Mama Yustina akanong'ona, macho kayafumba bado.